Kijana alisema mara tatu gari lina tatizo, baba hakusikia

Jumamosi ile, saa kumi jioni, gari lilizimika katikati ya Msamvu.

Familia ilikuwa inatoka nyumbani Kihonda kwenda mjini kwenye sherehe ya ndugu. Baba alikuwa kwenye usukani, mama pembeni yake, na binti yao wa mwisho, mwenye miaka saba, alikaa nyuma na gauni lake jipya. Walipokaribia mzunguko ambapo barabara ya Dodoma inakutana na ile ya Dar es Salaam na Iringa, baba aliachia mafuta ili apunguze mwendo. Chini ya boneti ukatoka mlio mkali, "tsshhh," kama mtu anatoa upepo kwenye tairi la lori. Hapo hapo injini ikafa.

Usukani ukawa mgumu. Baba akakanyaga breki, akakanyaga tena, na pedali nayo ikaanza kukaza. Nyuma yao lilikuwa linakuja lori la mizigo. Dereva wake alipiga honi, matairi yakalia kwenye lami, likasimama karibu kiasi kwamba binti alipogeuka nyuma hakumwona dereva. Aliona taa na bampa tu.

Hakuna aliyeumia. Vijana wa bodaboda walisaidia kusukuma gari hadi pembeni. Baba akafungua boneti, akatazama, hakuona kitu anachokielewa. Ndipo binti, huku bado anatetemeka, aliposema: "Ni ile valvu ya kaka. Aliniambia nisiseme."

Hela ya kozi

Kaka ana miaka 19 na amemaliza kidato cha sita mwaka huu. Gari ni Subaru Forester yenye turbo, toleo la mwaka 2004, ambayo kama magari mengi ya nchini ilitumika kwanza Japani. Baba ni mhasibu. Alilinunua kwa akiba ya miaka mingi, hubadilisha oili kwa wakati, na kila Jumamosi asubuhi hulioshea uani mwenyewe.

Mwezi mmoja kabla ya siku ile alimpa kijana Sh250,000 akajiandikishe kozi ya kompyuta. Kijana hakujiandikisha. Aliagiza valvu ya turbo kutoka Kariakoo, ikaja na basi hadi stendi ya Msamvu, naye akaifunga siku ambayo baba alikuwa Dodoma kikazi. Vijana wa magari huiita blowofu. Hii aliyoinunua ilikuwa ya kutema upepo nje, na kazi yake kubwa machoni pa vijana ni ule mlio.

Mzazi asiyefuatilia mbio za magari hawezi kuelewa kwa nini mlio utafutwe kwa robo milioni. Subaru ilijijengea jina kwenye mashindano. Mwaka 1995 Mskoti Colin McRae alitwaa ubingwa wa dunia akiendesha Impreza, na mwaka 1997 akashinda Safari Rally nchini Kenya. Richard Burns naye alishinda Safari mwaka 2000 akiwa na Impreza. Kijana hakuwa amezaliwa wakati huo, lakini video za mbio hizo amezitazama kwenye simu mpaka anajua kila kona. Kwake, Forester ya baba ni ndugu wa magari yale.

Nyumba ikanyamaza

Baba hakumpiga. Alimsimamisha sebuleni akamwambia: "Umechukua hela ya shule ukanunua kelele. Na leo kelele yako ilitaka kuniulia mke na mtoto."

"Baba, mimi nilikuwa nime…"

"Nyamaza. Kuanzia leo usiguse gari langu. Gereji usikanyage. Ukianza masomo utakwenda Mzumbe kusoma uhasibu, na habari za spana ziishe."

Kijana alinyamaza kweli. Alianza kulia chakula chumbani. Salamu alitoa, "Shikamoo baba," akaitikiwa "Marahaba," na mazungumzo yakaishia hapo. Siku ya nne hakurudi nyumbani. Mama alipiga simu, haikupatikana. Ilipofika saa nne usiku fundi wa gereji moja ya Mji Mpya, ambako kijana hupenda kushinda, ndiye aliyempigia mama.

"Mama, kijana yuko hapa. Amelala ndani ya Noah mbovu. Nimempa chai na mkate. Msije usiku huu, mwacheni apumzike."

Mama hakulala. Anasema baba pia hakulala, ila alikuwa anajikausha.

Asubuhi mama alimpigia kaka yake aliyeko Matombo. Kwa Waluguru ukoo unahesabiwa upande wa mama, na mjomba ana neno zito kwa watoto wa dada yake. Baba si Mluguru, ni mtu wa Singida, lakini miaka 22 ya ndoa imemfundisha kwamba mjomba akiitwa, jambo limeshakuwa kubwa.

Mjomba alifika mchana. Alikunywa maji, akauliza habari za kazi, akauliza habari za mvua. Kisha akasema: "Shemeji, nimesikia alichofanya. Nataka kujua kitu kimoja. Kabla hajafunga hiyo valvu, alikwambia nini?"

"Hakuniambia kitu. Alifanya kwa siri."

Mama akainamisha uso. "Baba watoto, alisema. Alisema mara tatu. Mara mbili nilikuwepo."

Ugonjwa na dawa

Jioni hiyo wote watatu walikwenda gereji. Kijana aliwapokea kwa salamu na kusimama mbali kidogo, mikono imejaa grisi. Mbele ya fundi kulikuwa na boksi la viatu. Ndani yake mlikuwa na valvu ya zamani, ile iliyokuja na gari, imefungwa kwenye karatasi ya gazeti. Kijana hakuitupa.

Fundi alimkaribisha baba kiti, akaanza kumweleza polepole.

Turbo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza, nayo inazungusha ya pili, ambayo inasukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye injini. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaungua, na gari linapata nguvu kuliko ukubwa wa injini yake. Wazo lenyewe ni la siku nyingi, maana Mswisi Alfred Büchi alilisajili mwaka 1905. Feni hizo zikichangamka huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Shida inakuja dereva anapoachia mafuta. Mlango wa hewa wa injini unafunga ghafla, lakini feni bado inazunguka na upepo bado unakuja. Upepo unakosa pa kwenda, unageuka kuipiga feni ile ile iliyousukuma. Valvu ipo ili kuufungulia njia. Kwenye Forester ile imefungwa kwenye rejeta ya kupozea upepo, juu ya injini, na upepo unaoutoa hurudishwa kwa mpira hadi kabla ya feni, uzunguke tena. Kazi hiyo hufanyika kimya kimya, na dereva wengi hawajui kama valvu hiyo ipo.

Ile ya kijana ilikuwa inautema upepo nje, na hapo ndipo gari lilipochanganyikiwa. Karibu na chujio la hewa kuna sensa inayopima hewa inayoingia. Kompyuta ya gari inasoma kipimo hicho na kumwaga mafuta yanayolingana nacho. Upepo uliotemwa nje ulikuwa umeshahesabiwa. Kompyuta haijui kuwa umepotea, kwa hiyo inamwaga mafuta kwa ajili ya hewa ambayo haipo. Kwa nukta chache injini inazidiwa na mafuta. Eksozi inatoa moshi mweusi, plagi zinashika masizi, na dereva akiwa anapunguza mwendo, injini inaweza kuzima. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Msamvu.

"Kuna magari yanayopima hewa kwa njia nyingine, hayo huvumilia," fundi alisema. "Hili halivumilii."

Baba alitikisa kichwa, kama mtu aliyepata ushahidi aliokuwa anautafuta. Lakini fundi hakuwa amemaliza. Aliichukua valvu ya zamani, akaweka mdomo kwenye kijineli chake kidogo, akavuta. Akampa baba naye avute. Upepo ulipita tu, bila ya kukaza.

"Ikiwa nzima, ukivuta inashika na kubaki imefunguka. Hii ngozi yake ya ndani imechanika. Gari likipanda mlima, upepo wote unavuja. Ndiyo maana lilikuwa zito na linakula mafuta. Mzee, kijana alipatia ugonjwa. Alikosea dawa."

Kisha akachomoa kitu kingine kwenye boksi. "Na hiki ndicho kilichonitisha zaidi."

Kilikuwa kipande cha mti, urefu wa kidole, kimechongwa kwa kisu. Valvu ya kutema nje ikifungwa, ule mpira wa kurudishia upepo unabaki wazi, na tundu lake lazima lizibwe. Kijana alikosa kizibo cha kiwandani, akachonga cha kwake na kukibana kwa klipu. Mama alikitambua mara moja. Ulikuwa mpini wa fagio lake la uani, ambalo kwa wiki tatu alikuwa akiwashuku watoto wa jirani.

Fundi alieleza bila kupaza sauti. Tundu lile liko upande ambao feni inavuta hewa. Mti ungekauka, ukalegea na kuvutwa ndani, ungekutana na feni inayozunguka kwa kasi ile. Turbo ingesagika, na vipande vingeweza kuendelea mbele.

Kijana aliangalia chini.

Daftari

Chini ya boksi kulikuwa na daftari la shule la kurasa 48. Fundi alimpa baba. Kijana alikuwa ameandika tarehe, mahali, na alichokiona. Baba alisoma akiwa amesimama.

"Mlima wa Bigwa. Gari zito, linavuta kwa shida. Nimemwambia baba. Amesema gari ni zee."

"Tumetoka Mikumi. Mafuta yameisha haraka. Nimemwambia baba nadhani upepo unavuja. Amesema mwenye gari ni yeye."

"Nimemwomba baba tupite kwa fundi. Amesema gari linatembea, niachane nalo nisome."

Baba alifunga daftari, akakaa juu ya tairi lililokuwa pale. Muda ulipita. Redio ya gereji ilikuwa inatangaza mpira.

"Uliniambia," alisema hatimaye.

"Nilikwambia, baba."

"Sikusikia. Hilo ni langu." Akapumua. "Lakini hela ya kozi, na kumfundisha mdogo wako kuficha, hayo ni ya kwako."

"Ni ya kwangu, baba. Naomba mnisamehe. Wewe na mama."

Mjomba, ambaye muda wote alikuwa kimya, alisema tu kwamba wahenga walishamaliza: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kisha akauliza ukuta huu utajengwa kwa shilingi ngapi, na nani atabeba matofali.

Matofali ya kijana

Fundi aliwapa njia mbili. Kutafuta valvu iliyotumika ya aina ile ile ya kiwandani, ambayo ni rahisi lakini ngozi yake huenda nayo imeshachoka, au kufunga ya chuma iliyo imara zaidi, ilimradi iwe ya kurudisha upepo ndani. Aliweka wazi kwamba hata hiyo ya chuma haiongezi nguvu. Inazuia tu nguvu iliyopo isivuje. Na springi yake lazima ilingane na injini, maana ikiwa ngumu mno inachelewa kufunguka na feni inaendelea kupigwa.

Muuzaji wa Kariakoo alikubali kubadilishana kwa nyongeza ya Sh90,000. Plagi mpya nne ziligharimu Sh80,000. Baba, kwa mazoea ya kazi yake, alipiga hesabu palepale: pamoja na hela ya kozi, deni la kijana ni Sh420,000. Walikubaliana atakuwa anamsaidia fundi mwishoni mwa wiki, na kila wiki atalipa Sh10,000. Hizo ni wiki 42.

Valvu ilipofika, kijana aliifunga kwa mikono yake, fundi akisimamia. Alirudisha mpira wa upepo mahali pake, akakaza klipu, akaunganisha ule mpira mwembamba unaoifungua valvu. Kisha wakajaza upepo kwenye mfumo na kupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, kama mafundi baiskeli wanavyotafuta pancha. Povu halikuchemka popote. Giza lilikuwa limeingia, na aliyeshika tochi ya simu muda wote alikuwa baba. Mara mbili kijana alimwambia, "Baba, sogeza mwanga kushoto," na baba akasogeza.

Jumapili walimrudisha mjomba Matombo. Mjomba alikataa kiti cha mbele, akasema akae kijana ili asikilize injini. Baada ya Bigwa barabara inaanza kupanda na kukata kona kandokando ya milima ya Uluguru. Gari lilipanda bila kuguna. Kwenye kila kona baba aliachia mafuta, akakanyaga tena, na hakuna kilichosikika.

"Mbona kimya?" baba aliuliza. "Inafanya kazi kweli?"

"Inafanya, baba. Upepo unarudi ndani."

Cha kuzingatia nyumbani

Kisa hiki hakimsafishi kijana. Alidanganya, alitumia hela ya ada, na kwa kipande cha mti aliweka hatarini watu anaowapenda. Mzazi ana haki ya kukasirika, na adhabu ya kulipa deni kwa jasho imemfundisha zaidi ya fimbo.

Ila siri ile haikuanza siku valvu iliponunuliwa. Ilianza siku alipoambiwa mara ya tatu aachane na jambo ambalo alikuwa amelichunguza na kuliandika. Watoto wengi husema kabla ya kutenda. Husema vibaya, husema wakati mzazi amechoka, husema juu ya vitu ambavyo mzazi haoni maana yake. Swali la mjomba linafaa kuulizwa katika nyumba yoyote kabla hukumu haijatoka: kabla hajafanya, alisema nini?

Kwa wenye vijana wanaopenda magari kuna hatua ndogo zinazosaidia. Mpeleke kijana kwa fundi anayeaminika na ukae naye mkisikiliza pamoja. Mkubaliane kwamba hakuna kinachofungwa kwenye gari la familia bila mwenye gari kujua. Gari likianza mlio mpya, kutoa moshi mweusi au kuzima unapoachia mafuta, lisipuuzwe hata kama linatembea. Na usiwaachie wadogo mzigo wa kutunza siri za wakubwa. Binti wa miaka saba alikaa na siri ile wiki tatu, na mama anasema siku hizi kila wakipita Msamvu hugeuka kuangalia nyuma.

Suala la masomo halijaisha. Wiki iliyofuata baba, akitoka kazini, alipita chuo cha VETA Kihonda akauliza kuhusu ufundi wa magari. Hajasema kama atalipia. Maelezo aliyopewa ameyaweka mezani sebuleni, kando ya yale ya Mzumbe, na kijana ameambiwa asome yote mawili ndipo wakae wazungumze.

Daftari la kurasa 48 sasa liko kwenye droo ya baba. Baada ya maandishi ya kijana kuna ukurasa mpya, kwa mwandiko wa mhasibu: "Wiki ya 1. Sh10,000. Nimepokea."